Nauli ya Mzigo Mdogo: Somo kutoka Karagwe na Kyerwa



Leo twapenda kuweka kando kidogo habari za kuanika na kuchambua, tuzungumze habari ya nauli ya mzigo. Sababu ni hii. Wanachama wengi wakisha kupokea fedha za karafuu huchukua sehemu yake wakaitia katika biashara ndogo ya kununua na kuuza: huyu maharage, yule mchele, mwingine ndoo, mabeseni na magodoro. Nao wafanya vyema, maana mkarafuu, kama tujuavyo sote, hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja wachumaji hawatoshi, na mwaka wa pili mtu huzunguka shamba zima asipate pishi ya maana. Biashara ile ndogo ndiyo imshikiayo mtu nyumba yake katika mwaka mbaya, na rasilmali ikiliwa hapo katikati, hakuna msimu wa karibu wa kuirudisha. Tukitazama hesabu za biashara hizi, twaona kwamba kinachoila rasilmali mara nyingi si bei ya bidhaa yenyewe. Ni nauli, na yale mafungu madogo madogo yanayofuatana na nauli.

Kwa somo hili tumechagua kuwatazama wenzetu wa mbali, watu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa katika mkoa wa Kagera. Zamani wilaya hizi zilikuwa moja. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ziko pembeni kabisa mwa Tanzania, zimepakana na Rwanda na Uganda, na mtu wa huko akitaka kufika bahari yetu ana zaidi ya kilomita 1,300 mbele yake. Hata hivyo maharage ya Kagera hufika Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam hufika mpaka madukani kwetu. Ndizi zao huliwa Mwanza. Kahawa yao huvuka bahari. Nao wenye maduka madogo ya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda huuza sabuni, daftari na ndoo zilizonunuliwa Kariakoo, na bado wapata faida. Mtu aliye mbali hivyo hana budi kuijua hesabu ya nauli kuliko sisi tuliozoea kuona chombo kikitia nanga karibu na nyumbani. Basi na tutazame wafanyavyo.

Jambo la kwanza ni kutosafirisha kisichouzwa. Kahawa ya Karagwe na Kyerwa, iliyo nyingi, ni ile ya aina ya robusta. Mkulima huichuma, huianika juani na maganda yake mpaka ikauke, na hiyo huitwa kahawa ya maganda. Ikitiwa mashineni ikakobolewa hutoka kahawa safi, na uzito wa kahawa safi ni karibu nusu tu ya ule wa maganda. Maana yake, mtu akipakia tani 10 za maganda kwenda nazo mbali, karibu tani 5 alizolipia nauli ni takataka. Ndiyo sababu mashine za kukobolea zina faida kubwa zikiwa karibu na mashamba, huko huko Karagwe, kuliko zikiwa mwisho wa safari. Mwanachama wetu ataelewa upesi. Karafuu mbichi kilo 100 hutoa karibu kilo 30 za karafuu kavu, na hakuna kati yetu awezaye kufikiri kupeleka karafuu mbichi na makonyo yake ng'ambo ya bahari. Lakini mtu yule yule, akienda bara kununua maharage, huyanunua hayakupepetwa, yana vumbi, mawe na maganda, akayalipia nauli ya lori, akayalipia ya chombo, akayalipia hamali, kisha mkewe akayapepeta hapa nyumbani na kuyamwaga mawe ya Karagwe uani. Kilo 5 za uchafu katika gunia la kilo 100 zaonekana chache. Katika magunia 40 ni kilo 200, yaani magunia mawili mazima yaliyosafiri bure. Mwambie muuzaji apepete kwanza, hata ikiwa atataka shilingi kidogo zaidi, na ukauke mzigo wako kabla ya kupakiwa, kwani maji nayo ni mazito.

Jambo la pili, na hili twataka kulikalia zaidi, ni kujua gari linatoka wapi na linarudi na nini. Watu wengi hudhani nauli hupimwa kwa urefu wa njia. Urefu wa njia ni sehemu tu. Mwenye lori lazima alipe mafuta ya kwenda na mafuta ya kurudi. Akijua kwamba atarudi mtupu, gharama za safari zote mbili huziweka juu ya mzigo wa safari moja. Akiwa na mzigo wa kwenda tayari, basi mzigo wa kurudi kwake ni kama fedha iliyookotwa, na atakubali bei ambayo asingeikubali siku nyingine.

Sasa tazameni ramani ya Karagwe. Barabara moja yatoka Bugene, kwa lami ya karibu kilomita 60, mpaka Kyaka. Ukifika Kyaka waweza kushika njia ya Bukoba, ambako kuna bandari ya ziwa na jirani yake bandari ya Kemondo, au kushika njia ya Mutukula kwenye mpaka wa Uganda. Barabara nyingine yatoka Bugene kuelekea kusini, hupita katika hifadhi ya Burigi-Chato, ikaikuta njia kuu ya Rwanda karibu na Benaco. Njia hiyo ya Rwanda hupitisha malori mengi mno, kwa kuwa Rwanda haina bahari na mizigo yake mingi hushuka katika bandari ya Dar es Salaam na kupandishwa hadi Rusumo. Lakini Rwanda huleta vitu vingi kuliko ipelekavyo, kwa hiyo malori mengi yapandayo yamejaa hurudi matupu. Mchuuzi wa Karagwe aliye mwerevu hawi na haja ya kukodi lori kutoka Dar es Salaam lije kumchukulia maharage yake. Hupeleka maharage hadi kwenye njia kuu, au hufanya maagano na mwenye lori kabla hajapanda, na hupata nafasi katika gari ambalo lingerudi na upepo.

Hapa pana tahadhari moja. Gari lenye namba za nchi nyingine haliruhusiwi kupakia mzigo wa ndani ya nchi yetu na kuushusha ndani ya nchi yetu. Hiyo ni sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, na mzigo wako waweza kuzuiwa pamoja na gari. Tafuta lori lililoandikishwa Tanzania. Yako mengi.

Majira nayo yana neno lake. Kahawa ya Kagera huvunwa zaidi kati ya Mei na Oktoba. Wakati huo malori hupanda kwenda kuchukua kahawa, na mengine hupanda bila mzigo wa kutosha. Mwenye duka la Omurushaka anayetaka saruji, mabati au katoni za sabuni, huo ndio wakati wake wa kuagiza, maana gari linakuja kwake hata asipoliita. Kahawa ikiisha, mambo hugeuka. Nasi tunayo hali kama hiyo hapa kisiwani, ijapokuwa hatujaitumia sana: msimu wa karafuu unapoanza vyombo huja vikiwa vimesheheni watu na vyakula, na kurudi bara vikiwa vyepesi. Mwanachama anayepeleka nazi au makumbi bara na apeleke wakati huo, na aulize bei kwa nahodha watatu, si kwa mmoja.

Tangu tarehe 19 Juni 2025 wenzetu wamepata neema nyingine, lile daraja la Kigongo hadi Busisi juu ya ghuba ya Ziwa Victoria, lenye urefu wa kilomita 3. Kabla yake, lori litokalo Kagera kwa njia ya Geita kwenda Mwanza lilikuwa lingoje pantoni. Kungoja ni nauli pia, ijapokuwa hakuandikwi katika risiti: dereva ala, utingo ala, ndizi zaiva. Mwenye lori huyajua hayo yote, na mwisho wake huyatia katika bei.

Jambo la tatu ni kukusanya. Watu wa Kagera walilijua jambo hili tangu mwaka 1950, chama kikuu chao cha ushirika cha Bukoba kilipoanzishwa, kwa herufi za Kiingereza BNCU. Baadaye kikawa KCU, na mwaka 1990 wakulima wa Karagwe wakapata chama kikuu chao wenyewe, KDCU. Kazi za vyama hivi ni nyingi, na zimepata kusifiwa na kulaumiwa, wala si shabaha yetu leo kuamua. Tunalotaka mlione ni hili dogo: mkulima mwenye madebe matatu ya kahawa hasafirishi madebe matatu. Huyapeleka katika ghala ya chama cha msingi, yakawekwa pamoja na ya jirani zake, mpaka pakapatikana mzigo wa lori zima. Hapo analipia sehemu yake ya lori lililojaa. Bila chama angelipia nafasi ya mtu mdogo katika gari la mtu mwingine, kwa bei aitakayo mwenye gari.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, msizichukue kuwa ni bei ya soko. Tuseme Fuso moja lachukua tani 10, na mwenyewe ataka shilingi 1,500,000 kwa safari. Likijaa tani 10, kila kilo imelipa shilingi 150. Likiondoka na tani 6, kila kilo imelipa shilingi 250. Safari ni ile ile, mafuta ni yale yale, dereva ni yule yule; shilingi 100 zilizozidi katika kila kilo zimelipia nafasi tupu. Ikiwa faida yako ungeihesabu shilingi 200 kwa kilo, basi nusu yake umeimwaga njiani kabla hujafungua duka. Wanachama watano, kila mmoja na tani 2, hawana haja ya kujuana sana wala kupendana sana. Wana haja ya kukubaliana siku moja ya kupakia tu.

Sasa endeleeni na hesabu ile ile, maana hapa ndipo wengi hawaangalii. Gunia la maharage likitoka Omurushaka mpaka dukani kwako Chake Chake hupita katika mikono mingapi? Ghalani hadi kwenye lori, mkono wa kwanza. Kushushwa Dar es Salaam, wa pili. Kupakiwa tena katika gari dogo la kwenda bandarini, wa tatu. Kushushwa gatini, wa nne. Kuingizwa chomboni, wa tano. Kutolewa chomboni Mkoani au Wete, wa sita. Kushushwa mlangoni kwako, wa saba, na bado tumemsamehe yule aliyelipandisha garini pale bandarini. Tuseme kila mkono ni shilingi 1,000 kwa gunia. Hizo ni shilingi 7,000, yaani shilingi 70 kwa kila kilo, karibu nusu ya nauli ya lori lililotoka karibu na mpaka wa Rwanda! Hamali hana kosa, ni kazi yake na mgongo ni wake. Lakini mtu akiweza kupanga lori lifike bandarini siku chombo kinapopakia, mzigo ukatoka lorini ukaingia chomboni, amekata mikono miwili kwa mpigo mmoja, na ujira wa ghala pia. Kwa hiyo kabla hujabishana na mwenye lori juu ya shilingi 5 za kilo, hesabu kwanza mikono.

Wengine hudhani wamepata ujanja wa kupunguza nauli kwa lumbesa. Kwa kuwa malori mengi hutoza kwa gunia wala si kwa kilo, hushindilia gunia na kulivisha kilemba mpaka likawa la kilo 130 au zaidi. Sheria ya vipimo yakataza, na mazao ya shamba hayatakiwi kufungwa zaidi ya kilo 100. Lakini hata tukiiacha sheria, faida yenyewe iko wapi? Mwenye lori si kipofu. Aonapo vilemba hupandisha bei ya gunia, na mtu wa gunia la haki huumia pamoja nanyi. Hamali naye hutaka zaidi. Gunia hupasuka. Na lori likifika katika mizani ya barabarani likaonekana limezidi, faini yake si ndogo. Uzito wa gari lote na mzigo wake, hata liwe refu namna gani, mwisho ni tani 56 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, na kila ekseli ina kiwango chake. Mara nyingine mzigo huamriwa kushushwa pale pale, na utakayemlilia hayupo. Afadhali kupatana na mwenye lori kwa kilo, mzigo ukapimwa mbele yenu wote wawili.

Maharage ni mazito, hivyo yahesabiwa kwa uzito. Ndoo, mabeseni, magodoro na viatu ni habari nyingine, kwa sababu hivyo hujaza gari kabla ya kulilemea. Mizigo midogo ya melini hutozwa kwa tani moja ya uzito au mita moja ya ujazo, ile itakayokuwa kubwa. Wachuuzi wanaoagiza vitu China kwa mawakala wa Kariakoo wayajua haya. Ndege ni kali zaidi: sanduku la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 hugawanywa kwa 6,000, jawabu ni 20, nawe utalipa kilo 20 hata ikiwa ndani mna kilo 8 za kandambili. Dawa yake ni kutolipia hewa. Pachika beseni ndani ya beseni, tia kandambili, vijiko na kamba ndani ya ndoo, toa viatu katika masanduku yake ya karatasi uyakunje, na godoro libanwe na kufungwa vizuri. Yule mwenye duka dogo aletewaye mzigo wake kwenye buti la basi naye afaidika vile vile, maana kondakta hupima kwa macho.

Jambo moja hatulitii katika hesabu ya shilingi. Watu wa Kagera hawajaisahau meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba, imejaa kupita kiasi. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia. Nasi hatujausahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikija Pemba. Nyumba nyingi za wanachama wetu zilifiwa. Ukiona nahodha akubali mzigo wako kwa bei rahisi kupita wenzake, tazama chombo chake kimekaa vipi majini na kimeshapakia nini. Chombo kilichozidishwa nauli yake huwa rahisi, na mtu ana haki ya kushusha gunia lake na kungoja kesho. Hata ikiwa mzigo umo na wewe humo, wamo watu wengine.

Sasa kuhusu sisi. Wanachama kadhaa wametuuliza kama ofisi yaweza kusaidia katika kuagiza maharage ya Karagwe baada ya mavuno yao yajayo. Ofisi haitanunua wala kuuza, hiyo si kazi yake. Itakayoifanya ni kuweka daftari. Kila anayetaka kuagiza na aje aandikishe jina na idadi ya magunia, kuanzia gunia 5, na alipie amana ya nauli peke yake. Jumla ikifika tani 10 tutawaita wote waliojiandikisha, nao wachague watu wawili wa kwenda kununua na kusimamia kupakia. Daftari litafungwa tani zikitimia. Wa baada ya hapo wataanza ukurasa mpya na kungoja wenzao. Tutauliza pia nauli ya kupitia Tanga, ambako bahari ya kuja Pemba ni fupi, tuilinganishe na ya Dar es Salaam, mikono yote ikiwa imehesabiwa, kisha tutabandika karatasi mbili ubaoni ili kila mtu ajionee.

Kila gunia liandikwe herufi za mwenyewe pande zote mbili kwa rangi ya mafuta. Makaa hufutika, na karatasi iliyoshonwa juu huliwa na maji ya chumvi. Risiti ya lori iandikwe kilo, isiandikwe magunia peke yake, na nakala moja iletwe ofisini.

Katibu